Heshima ya Mfanyakazi si Posho



Katika kitabu hiki cha chama chetu tumezoea kusoma juu ya kilio, mahari, majina ya mapacha na namna wazee wetu walivyogawana mashamba. Safari hii naleta neno ambalo wengi watasema si la mila. Naomba musifunge kitabu mara moja. Someni kwanza, kisha mutanitukana mukiwa munajua sababu.

Siku hizi kijana wetu akipata kazi katika kompani kubwa ya kigeni, upande wa Kolwezi, Fungurume ao Likasi, anapewa makaratasi ya kusaini hata kabla hajavaa kofia ya mgodi. Kati ya makaratasi hayo mara nyingi kuna sheria za mwenendo wa kompani, na ndani yake mstari mmoja: hakuna kumbagua mfanyakazi kwa ajili ya rangi, kabila, dini, wala kwa ajili ya mapenzi yake, ni kusema mwanaume anayempenda mwanaume mwenzake, ao mwanamke anayempenda mwanamke mwenzake. Kijana anasaini. Angesaini hata karatasi tupu, maana anataka kazi. Lakini jioni swali linafika nyumbani, na kutoka nyumbani linafika katika mikutano yetu.

Nimesikia majibu mawili. La kwanza ni la wazee: "Ile ni mambo ya bazungu, haiko mu mila yetu." La pili ni la vijana wetu waliosoma mambo ya uchumi: "Hapana baba, ile ni biashara tu. Kompani yenye kupokea bantu bote njo inapata faida mingi. Balishahakikisha." Mimi nakataa yote mawili. La wazee nitalijibu nyuma, kwa heshima. La vijana ndilo nitakalolipiga kwanza, tena kwa nguvu, kwa sababu linakuja na uso wa rafiki, na rafiki wa namna hiyo sisi watu wa Katanga tunamjua vizuri.

Tuangalie limetoka wapi. Mwaka 2002 shirika moja la Marekani la kutetea watu hao, Human Rights Campaign, lilianza kuyapa makompani makubwa pointi kila mwaka, sawa mwalimu na wanafunzi wake: je, sheria za kompani zinakataza ubaguzi? Je, bima ya ugonjwa inamfikia mwenzi wa mfanyakazi huyo kama inavyowafikia mabibi wa wengine? Nyuma yake wakaja watu wa benki na hesabu zao. Mwaka 2016 benki moja ya Uswisi, Credit Suisse, ilichukua makompani 270 yenye sifa ya kuwapokea wafanyakazi hao, ikasema hisa zao zilipita soko la dunia kwa asilimia 3 hivi kwa mwaka. Tangu siku ile hesabu za namna hiyo zinatembea kutoka mkutano mpaka mkutano, na zimefika mpaka kwetu.

Mimi si mtu wa benki. Lakini kila mwalimu anajua hatari ya hesabu kama hiyo. Ukiona wanafunzi wenye viatu vizuri wanapata pointi nyingi, usikimbie kusema viatu ndivyo vinavyofahamu somo. Huenda baba yao mwenye pesa ya viatu ana pesa ya vitabu pia. Vilevile kompani tajiri ndiyo yenye nafasi ya kuandika sheria nzuri na kulipa bima ya wote. Faida ilitangulia, ao heshima ilitangulia? Hesabu ile haijibu. Na Credit Suisse yenyewe ilianguka mwaka 2023, ikanunuliwa na jirani yake UBS kwa bei ya kutupa. Sisemi ilianguka kwa ajili ya jambo hili, ilikuwa na magonjwa yake mengine. Nasema tu kwamba mwalimu huyu wa faida hakuwa na daftari safi.

Sikatai kwamba kuna kweli ndani yake. Mtu anayejificha kazini anafanya kazi mbili kwa mshahara mmoja. Asubuhi wenzake wanasalimiana: bibi hajambo? Siku ya yenga mulikuwa wapi? Yeye anapima kila neno kabla ya kulitoa. Simu ikilia, anatoka nje. Yule anayeishi naye akiugua, hawezi kuomba ruhusa hata ya saa moja. Akili inayolinda siri mchana kutwa haibaki nzima kwa kazi, na kompani inapoteza. Hilo ni kweli.

Chukueni mfano wa Lynn Conway. Alizaliwa na kulelewa kama mvulana, lakini mwenyewe alijijua kuwa mwanamke. Aliingia IBM mwaka 1964, akawekwa katika kundi lililokuwa linatafuta kutengeneza kompyuta yenye mbio kupita zote, na humo alibuni njia ya kuiwezesha mashine kutimiza maagizo mengi kwa mara moja. Mwaka 1968 kompani ilipojua kwamba anataka kubadili mwili wake na kuishi kama mwanamke, ilimfukuza. Alianza upya kwa jina jipya, kutoka chini, akificha yote yaliyopita. Miaka ya 1970 alifika katika maabara ya Xerox huko California, na kitabu alichoandika pamoja na Carver Mead kiliwafundisha mainjinia wengi namna ya kuchora vile vipande vidogo sana vya elektroniki ambavyo ndugu zao wako leo ndani ya kila simu. IBM ilimwomba msamaha mwaka 2020, miaka 52 nyuma ya kumfukuza. Alifariki mwaka 2024.

Vijana wakisikia hadithi hii wanapiga makofi: munaona, IBM ilipoteza! Ndiyo, ilipoteza. Lakini mimi nauliza: kama Lynn Conway angekuwa mfagiaji wa biro? Kama angekuwa karani wa kawaida, anayekosea mara moja moja kama sisi wote? Kumfukuza kungekuwa haki? Hoja ya faida inamlinda fundi mkubwa na kumwacha mdogo njiani. Inamwambia mtu: tutakuheshimu, mradi tu uwe na akili kupita wenzako.

Muangalie sasa mwingine, ambaye hakubuni mashine yoyote. Aimee Stephens alifanya kazi karibu miaka 6 katika nyumba ya kutayarisha maiti huko Michigan. Kazi yake ilikuwa maiti na wafiwa. Sisi wa chama hiki, ambao michango yetu mingi inaishia kwenye kilio, tunajua kazi hiyo inadai moyo wa namna gani. Wote walimjua kama mwanaume. Mwaka 2013 alimwandikia mkubwa wake barua kwamba atakuja kazini kama mwanamke. Wiki mbili hivi nyuma ya barua, alifukuzwa. Kesi yake ilipanda mpaka mahakama ya juu kabisa ya Marekani, pamoja na ya Gerald Bostock, mtumishi wa serikali ya wilaya huko Georgia aliyefukuzwa nyuma ya kuingia timu ya mchezo ya wanaume wanaopenda wanaume, na ya Donald Zarda, mwalimu wa kuruka angani kwa mwavuli.

Tarehe 15 Juni 2020 majaji 6 kwa 3 waliwapa haki. Walisimama juu ya sheria ya 1964, ile iliyopatikana kwa mateso ya Wamarekani weusi, inayokataza kumfukuza mtu kwa ajili ya jinsia yake. Fikra yao ni nyepesi, hata mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaifahamu: mfanyakazi mwanamke akimpenda mwanaume hafukuzwi, mfanyakazi mwanaume akimpenda mwanaume anafukuzwa. Kilichobadilika kati ya wawili hao ni nini, kama si jinsia ya mfanyakazi? Aimee Stephens hakusikia hukumu hiyo, alikuwa amefariki mwezi mmoja mbele. Zarda naye alikuwa amefariki tangu 2014. Lakini angalieni vizuri: majaji wale hawakuomba kuona bilan ya kompani. Hakuna aliyeuliza kama maiti zilitayarishwa vizuri zaidi.

Niwe mwenye haki. Katika kesi hiyo makompani zaidi ya 200 yaliiandikia mahakama mwaka 2019 kuwatetea wafanyakazi. Ilikuwa vizuri. Lakini tazameni miaka iliyofuata. Mwaka 2023 bia ya Bud Light ilimfanya Dylan Mulvaney, mwanamke wa namna ya Lynn Conway, aitangaze kidogo. Wanywaji wengi wakakasirika wakaacha kuinunua, na bia iliyokuwa imekaa ya kwanza kwa mauzo Marekani zaidi ya miaka 20 ikapitwa na Modelo. Makompani mengine yakaona. Mwaka 2024 Harley-Davidson, Lowe's, Ford, na mwishoni mwa mwaka Walmart, yakatangaza mmoja nyuma ya mwingine kwamba hayatapeleka tena daftari kwa wale wenye kutoa pointi. Wafanyakazi walikuwa walewale wa mwaka 2019. Pesa ndiyo ilibadilisha upande.

Turudi kwetu sasa, maana sisi somo hili tulilipia ada zamani.

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Miaka ya kwanza wafanyakazi weusi walikufa wengi sana kambini, kwa magonjwa ya kifua, kuhara na kazi ya kupita nguvu. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kompani ikageuza siasa yake. Kontra za miaka 3. Bibi na watoto waje kambini. Hospitali, masomo, uji wa watoto wachanga, na posho kwa kila nyumba. Daktari Léopold Mottoulle, aliyekuwa mkubwa wa mambo ya wafanyakazi weusi, aliandika mwaka 1946 kitabu kizima kusifu matunda ya miaka 20 ya siasa hiyo. Je, walianza kutupenda? Wandugu, tusidanganyane. Kutafuta watu wapya kila mara mbali, Rhodesia ya Kaskazini, Ruanda-Urundi, Lomami, ilikuwa bei kali. Mtu akifa ao akitoroka ni hasara. Mtu mwenye bibi, watoto na unga anakaa, anazoea mashine, anatoa shaba zaidi. Ilikuwa hesabu, na ilikuwa hesabu nzuri. Wazee wetu wakaimba kwamba Union Minière njo baba, njo mama.

Baba huyo bei ya shaba ilipoanguka mwaka 1931 na 1932 aliwarudisha watoto wake kwa maelfu vijijini. Mwaka 1941, wakati wa vita, walipoomba mshahara uongezwe, tarehe 9 Desemba hapa Lubumbashi askari waliwapiga risasi, na makumi walikufa. Ikaja 1967, serikali ikachukua mali, jina likawa la Gécamines nyuma kidogo, na sisi tukasema huyu sasa ni baba wa damu. Mwaka 2003, kwa pesa ya Banki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Mtu amekaa miezi na miezi bila mshahara, unamuwekea karatasi mbele na bahasha pembeni, kisha unasema ni hiari! Profesa Dibwe dia Mwembu alikuwa ameshaandika kitabu mwaka 2001 juu ya Bana Shaba walioachwa na baba yao. Kichwa hicho peke yake kinatosha.

Na kuna jambo tunalosahau. Posho ile ilikuwa na daftari, na daftari lilikuwa na macho. Kompani iliandika bibi mmoja na watoto wake. Bibi wa pili hakuwa na posho. Mama mzee, mtoto wa kaka, shemeji aliyetoka kijiji, kwa kompani hao walikuwa wageni wa kuombewa ruhusa. Familia yetu, ile ambayo kitabu hiki kinaisifu kila mwaka, haikuwa familia mbele ya mkubwa wa kambi. Basi wazee wetu walijua uchungu wa kumnyamazia mtu wa nyumbani mbele ya mwenye kazi. Tusijifanye kwamba jambo hilo ni geni kwetu.

Nije kwenye kidonda chenyewe. Mwaka 1992 na 1993 wenzetu waliotoka Kasai, wengine wamezaliwa hapahapa, walitolewa katika nyumba na katika kazi zao huko Likasi na Kolwezi. Walikuwemo wafanyakazi na makadre wa Gécamines. Walilala na watoto katika vituo vya treni, wakingojea gari la moshi, na wengi walifia humo ao njiani. Hakuna aliyeulizwa kama anajua kazi. Aliulizwa jina na kijiji cha baba. Wakati ule shaba ya Gécamines, iliyokuwa karibu tani 470,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilikuwa imeshuka mpaka chini ya tani 50,000. Mgodi wa Kamoto ulikuwa umebomoka mwaka 1990, mashine zilikuwa zimechoka, pesa ilikuwa imeliwa. Kuondoka kwa mafundi kuliongeza ubaya.

Sasa nawaomba vijana wa uchumi wanijibu macho kwa macho. Nani kati yenu angesimama mbele ya mjane aliyemzika mtoto pembeni ya reli na kumwambia: mama, tulifanya vibaya, maana tani zilipungua? Na kama tani zingepanda, je? Tungekuwa tumefanya vizuri? Munaona aibu kulijibu swali hilo, na ni vizuri munaona aibu. Aibu hiyohiyo naitaka kwa mwanaume ao mwanamke anayefukuzwa kwa sababu watu wamejua nani anaishi naye. Faida ikipanda, asante. Ikishuka, yeye bado ni mtu, na kazi yake bado ni kazi.

Nafika kwa wazee. Munasema haiko mu mila. Mshahara iko mu mila? Namba ya matrikile? Pensheni? Wahenga hawakutuachia neno juu ya kontra ya kazi, kwa hiyo kunyamaza kwao hakuwezi kuwa barua ya kumfukuza mtu. Mzee mmoja alinijibu kwa akili sana, na namheshimu kwa hilo. Alinikumbusha wayeyushaji wa madini wa zamani: katika makabila yetu mengi mtu akiwa kwenye tanuru alikaa mbali na bibi yake mpaka kazi iishe. "Unaona, mwalimu, kazi na kitanda bilikuwa pamoja." Vizuri, mzee wangu, lakini tuusome mwiko huo mpaka mwisho. Ulimfunga kila mtu wa tanuru, kuanzia mkubwa wao. Tena ulikuwa na siku yake ya kuisha: moto ukizimwa, kila mtu anarudi nyumbani kwake. Haukuwa mtego wa kumtafuta mtu mmoja na kumkatia chakula maisha yake yote.

Wengine wananiletea dini. Juu ya dhambi kila mtu ana padri, mchungaji ao imamu wake. Kompani haina kitubio. Wengine wananiletea ndoa. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 40, inasema kila mtu ana haki ya kufunga ndoa na mtu wa jinsia nyingine aliyemchagua. Sikuja kuongea juu ya ndoa. Naongea juu ya mkate.

Na juu ya mkate Katiba hiyohiyo, kifungu cha 36, inasema kazi ni haki na ni wajibu mtakatifu kwa kila Mkongomani. Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002, kifungu cha 62, inasema mwajiri hawezi kuvunja kontra pasipo sababu yenye kukubalika, nayo inatoka kwa uwezo wa mfanyakazi, ao kwa mwenendo wake mahali pa kazi akitimiza kazi yake, ao kwa mahitaji ya kompani. Mahali pa kazi. Waliotunga maneno hayo walikaa Kinshasa, si Marekani. Kisha kifungu kinahesabu mambo yasiyoweza kuwa sababu: rangi, jinsia, hali ya ndoa, mimba, dini, mawazo ya siasa, kabila na mengine. Mapenzi ya watu ninaowasema hayakutajwa humo, nalisema wazi ili mtu asiniite mwongo. Lakini kipande cha kwanza kinatosha kwa delege wa sendika mwenye moyo: mkubwa, tuonyeshe kosa lake la kazi. Akikosa la kuonyesha, mwenye kosa ni yeye.

Nimeandika haya yote kwa ajili ya barua. Munajua kwamba chama chetu kinawapa vijana wanaotafuta kazi barua ya kuwatambulisha. Inataja jina, kijiji, masomo, na kwamba mtu huyu si mwizi. Barua hiyo imewasaidia wengi. Sasa kuna wenzetu wanaotaka tuongeze sentensi moja ya kushuhudia "tabia ya nyumbani", na walipoulizwa maana yake, mmoja alisema bila kuficha: "Tusitumie bahomo ku makompani, batatuharibia jina." Fikirini kazi ya katibu siku hiyo. Atamuuliza nani? Majirani wa lupango, wale wanaogombana juu ya maji na takataka? Binti asiyeolewa ana miaka 35, wataandika nini? Kijana anayeishi na rafiki yake kwa sababu nyumba ni bei kali, wataandika nini? Na yule ambaye ni kweli, mtoto wa mmoja wetu, aliyebeba maji na kuni katika vilio vyetu vyote, tutamnyima mkate kwa muhuri wa chama cha baba yake?

Neno hilo litaletwa katika mkutano mkuu. Mimi nitainua mkono kulikataa, na naomba katibu aandike jina langu pembeni ya mkono huo.